Ua wa Bi Hawa

Filipo Haule alikuja Mtwara miaka ile ya gesi, mji ulipodhani utajiri uko mlango wa pili. Gesi ikapita kwenye bomba, wageni wakaondoka, yeye akabaki na meza yake ya kuchorea ramani barazani kwa mshona nguo, Magomeni. Mimi ni Idrisa, fundi mwashi, na nimejenga ramani zake kumi na moja. Nilimpenda sana, na hadi leo nina hasira naye.

Alikuwa na kawaida yake: hachori kabla hajakaa. Ukimpa kiwanja, anaomba kiti cha plastiki, anakaa hapo wiki mbili akiangalia kivuli cha saa kumi kinaangukia wapi, kina mama wanasukana upande gani, watoto wanakatiza wapi kwenda madrasa. Wachoraji wengine walimcheka. Wao walinakili ghorofa za Dar wakazisimamisha hapa, watu wakaishi ndani wakitokota.

Kwa Bi Hawa alikaa wiki tatu. Bibi huyu mjane alikuwa na kiwanja kando ya barabara na nyumba ya udongo iliyochoka. Aliingia ubia na mfanyabiashara mmoja, Faraji: bibi atoe ardhi, Faraji ajenge fremu za maduka chini na nyumba za kupanga ghorofa mbili juu, bibi apewe moja ya kuishi. Hakubishania vyumba wala madirisha. Aliomba jambo moja tu, nami nilikuwepo.

"Mwanangu Filipo, nyuma pale niachie ua. Udongo ntupu, usimwage zege. Mama yangu kaoshewa pale, wanangu wawili wameoshewa pale. Nami nikifa mniteremshe, mchimbe kishimo cha maji, kitanda mkiweke juu yake. Sitaki kuoshewa kwa watu."

"Nimekuelewa, mama," alisema Filipo.

Akachora ua wenye ukuta mrefu wa kuwasitiri waoshaji, na ngazi pana ya kupitisha jeneza. Alikwenda mpaka msikitini kulipima, yeye Mkatoliki wa Mbinga, na imamu akamshikia futi. Sijawahi kupewa ramani iliyoujua mtaa namna ile.

Tukiwa kwenye msingi, Faraji akaja. Alitaka fremu mbili zaidi, nyuma pale pale, la sivyo angetafuta mchoraji mwingine. Filipo akasema, "Tutaangalia." Jumatatu aliniletea karatasi mpya, na ua haukuwepo.

"Bibi anajua?" nikamuuliza.

"Nitamwambia mwenyewe."

Hakumwambia. Wala mimi sikumwambia. Bibi alikuwa kwa binti yake Likombe, nami nikakoroga zege nikamwaga. Dhambi hiyo ni yangu, simsukumii mtu. Bibi alipohamia alizunguka hadi nyuma, akakuta duka la vipuri vya pikipiki. Hakugomba. Ila tangu siku ile hakumwita tena Filipo mwanangu.

Alifariki mwaka jana, Jumanne asubuhi. Kitanda cha kuoshea hakikuingia bafuni. Amina, binti yake, alishuka kuwaomba wenye fremu za nyuma wafunge ili aoshewe pale, nao wakafunga, lakini chini ni sakafu tupu na hapakuwa na pa kuchimba. Mwisho wajukuu walimbeba amefunikwa kanga, hajaoshwa, wakavuka naye barabara huku mimi nikizuia pikipiki zilizotupigia honi. Akaoshewa uani kwa wapangaji wageni ambao hata jina lake hawakulijua.

Filipo alikuja msibani, akakaa mwisho kabisa wa mkeka. Tuliporudi kutoka makaburini Amina alimfuata. Nilidhani atamtukana, na moyoni nilitaka amtukane.

"Kaka Filipo," akasema taratibu, "ulisahau?"

Angesema ndiyo, yangeisha pale pale. Mtu aliyesahau husamehewa, na Amina alikuwa amemfungulia mlango.

"Sikusahau, dada. Ramani ya kwanza ninayo. Ua upo."

"Kailete."

Akaenda, akarudi nayo. Amina aliitandaza mkekani mbele yetu, akatafuta, akaweka kidole.

"Hapa?"

"Hapo."

Amina alikuwa hajalia tangu asubuhi. Alilia akiwa ameinamia ile karatasi, kidole kikiwa pale pale, na Filipo akakaa mbele yake mpaka watu wote tukaondoka.