Ego ya Mume Wangu

Kwetu Uha mkubwa akikusemesha unapiga makofi polepole na kuitika "ego". Ego ni ndiyo, lakini pia ni nimekusikia, endelea. Hata ukigombezwa unaitika ego. Mume wangu alilelewa hivyo, na heshima hiyo nusura impeleke jela.

Alisingiziwa wizi wa ng'ombe. Siku ng'ombe alipopotea sisi wawili tulikuwa shambani tunang'oa maharage, Mungu anajua. Lakini miaka ile ya sabini kesi ya ng'ombe haikuwa mchezo, mtu alifungwa akasahauliwa, na mimi nilikuwa na mimba ya kwanza. Sikulala.

Hakimu wa mahakama ya mwanzo pale Kasulu alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili chake kinateleza. Akamsomea: unashitakiwa kwamba uliiba ng'ombe, ni kweli si kweli? Mume wangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, akapiga makofi, akainamisha kichwa.

"Ego."

Hakimu alikuwa ameokota maneno mawili matatu ya Kiha sokoni. "Basi amekiri," akasema, akashika kalamu. Wazee wa baraza waliokaa naye wakaangaliana, hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Jamani! Namtazama mume wangu, ametulia tuli, anadhani mambo yanakwenda vizuri. Baba mkwe amekaa mbele yangu, na kwetu mke wa mwana hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Mkojo ulitaka kunitoka. Nikasimama hivyo hivyo.

"Hajakiri! Anakuitikia tu!"

Askari akanidaka mkono. Baba mkwe akafunika uso. Hakimu akanitazama weee, kisha akamgeukia mzee mmoja wa baraza: "Hebu muulize kwa Kiha. Ameiba?"

Mume wangu aliruka. "Oya! Oya, oya!"

Hapana, hapana. Kesi ikasikilizwa upya, mshitaki akajikanyaga kwa maneno yake mwenyewe, mume wangu akaachiwa.

Mtoto alipozaliwa tukampeleka kubatizwa. Padri akatuuliza wazazi kama tunamkataa Shetani na mambo yake yote. Mimi nikaitika. Mwenzangu kimya. Nikamgusa kwa kiwiko, wapi! Jasho linamtiririka, mtoto kamkumbatia kifuani. Akaniinamia sikioni.

"Safari hii wanasema nimefanya nini?"