Vifaranga wa mama mkwe, hita ya wati 2000 na hesabu iliyoniingiza chumba nisichotakiwa kuingia

Kamwene wakuu.

Ninachosimulia hapa kimenitokea mwenyewe, na namba zote nilizisoma kwenye mita kwa macho yangu. Sijaongeza hata volti moja.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia, sekondari moja hapa Makambako. Kila mwaka naandika ubaoni V = IR, wanafunzi wananakili, tunasonga mbele. Mliosoma arts msikimbie, hesabu yenyewe ni kugawanya na kuzidisha tu.

Mama mkwe wangu anaishi peke yake, nje kidogo ya mji wa Njombe. Anafuga kuku. Mwezi wa sita alichukua vifaranga mia mbili, akataka kuwawekea jiko la mkaa bandani kama alivyozoea.

Mimi mkwe msomi nikakataa. Nikamwambia moshi wa mkaa utamdhuru yeye na vifaranga wake, nitamletea umeme. Nikanunua hita ya koili ya wati 2000 na roli zima la waya, mita mia.

Kutoka bandani mpaka kwenye nyumba ni kama mita ishirini. Mama akataka hita ichomekwe chumbani kwake, ili asitoke kwenye baridi kila akitaka kuiwasha au kuizima. Wazo zuri kabisa.

Ila kwetu huku mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe. Hata kuchungulia ni aibu. Kwa hiyo nilifunga plagi upande mmoja, hita upande wa pili, nikampitishia roli dirishani. Nikamsisitiza asiukate waya, utakaobaki utatufaa tukijenga banda kubwa.

Shikeni hapo kwenye roli, nitaparudia.

Wiki ya kwanza walikufa vifaranga kumi na mmoja. Wiki ya pili Mama akampigia simu mke wangu, sio mimi.

"Mwambie Baba Neema wanalaliana hapo kwenye hita, kila asubuhi naokota waliokandamizwa. Mkaa wangu haukuwa hivi."

Iliniuma sana. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye mkaa.

Jumamosi nikabeba mita yangu ya kupimia umeme nikapanda gari la Njombe. Njia nzima nilikuwa namlaani kimoyomoyo aliyeniuzia hita, nikiamini kanipiga feki.

Nilifika mchana, ukungu umeshuka, hita inawaka, vifaranga wamerundikana wanalia.

Nikapima soketi ya sebuleni. Volti 230. Safi.

Nikaenda bandani, nikapima pale waya unapoingia kwenye hita. Volti 185.

Hapo nikashtuka. Nikarudi dirishani nikamwomba Mama achomoe, nikaukata waya hapo nje nikaunganisha mita ili current ipite ndani yake, nikasimama huku nimegeuza uso pembeni.

"Chomeka, Mama."

"Nimechomeka, baba."

Ampia 7.

Nikachukua mfuko mtupu wa chakula cha kuku, nikaandika juu yake.

Resistance ya hita: 185 ÷ 7 = ohm 26.4. Hita ya wati 2000 kwa volti 230 inatakiwa kuvuta ampia 8.7, na 230 ÷ 8.7 inakuja 26.4 hiyo hiyo. Hita nzima kabisa. Muuzaji, popote ulipo, nisamehe.

Power ya hita: 185 × 7 = wati 1295. Kumbe mimi nawahesabia vifaranga 2000, wao wanaota 1300.

Sasa zile volti 45 zilizopungua, 230 − 185, ziko wapi? Sebuleni zipo, bandani hazijafika. Ziko kwenye waya. Resistance ya waya, 45 ÷ 7, ni ohm 6.4. Power, 45 × 7, ni wati 315.

Wakuu, wati 315 ni balbu tatu za zamani za wati mia, na chenji juu. Ubaoni huwa naishia hapo. Naandika "power lost", napiga mstari chini, kengele inalia. Siku hiyo nikajiuliza, lost wapi?

Nikaupapasa waya wote wa nje. Uvuguvugu tu. Lakini nje kulikuwa na mita ishirini kati ya mia.

Nikarudi dirishani.

"Mama, ule waya uliobaki uliuweka wapi?"

"Upo chini ya kitanda, baba. Na nilitaka kukushukuru. Tangu ulete huo umeme wako kitanda changu hakina baridi kabisa. Nalala kama niko Dar."

Nikapiga kelele, "Chomoa, Mama! Chomoa sasa hivi!" Nilimfokea mama mkwe. Kisha nikazunguka mbio nikaingia chumbani kwake bila hodi.

Mita themanini zilikuwa zimejikunja pale zikipashana joto. Plastiki imelainika mpaka imegandana. Juu yake sponji ya godoro imebabuka, imekuwa rangi ya chai.

Nilikaa sakafuni nikalia. Mama alisimama mlangoni, hakusema lolote kuhusu mimi kuwemo mle. Alisema tu, "Basi baba, basi."

Siku hiyo hiyo nikanunua waya mnene wa milimita 2.5, mita ishirini tu. Nikapima tena bandani: volti 227, ampia 8.6, wati 1950. Haikupita saa moja vifaranga wakatawanyika wakaanza kula. Tangu hapo wamekufa wawili tu.

Nilichojifunza: voltage ikipungua njiani haijayeyuka, kuna mahali inachoma. Pima kwenye kifaa chenyewe, na usiache waya umekunjwa ukiwa na mzigo. Na hili la mwisho ni langu mwenyewe. Niliona aibu kuchungulia chumba, nikamwacha mama wa watu alale wiki mbili juu ya moto nilioupeleka mimi.

Siku hizi nikimpigia simu ananitania kwamba kitanda kimerudi barafu, nimrudishie wati zake. Nimempelekea blanketi.

Mafundi mnisahihishe nilipoteleza. Wengine wote, kabla hamjacomment, inameni kwanza mwangalie chini ya vitanda vyenu.