Mlinzi wa Saa Mbili Kamili

Keonna hakumpenda kabisa yule mzee, mlinzi wa ofisi ya kazi pale Milwaukee, Marekani. Mikono mikubwa, sauti ya koleo linalokwangua barafu, na kila asubuhi maneno yaleyale: "Saa mbili ni saa mbili, dada." Sheria mpya ilitaka mama anayepokea msaada wa serikali afike hapo kila asubuhi afanye kazi; akikuta mlango umefungwa, msaada wa watoto wake unakatwa. Siku hiyo basi likakwama kwenye theluji. Keonna akaja mbio, mtoto begani, saa mbili ndiyo hiyo. Mlinzi akapiga goti katikati ya mlango.

"Funga mlango, wewe!" bosi akafoka kutoka ndani.

"Subiri, bosi, kamba ya kiatu imenifunguka."

Keonna akapenya, akatupa jicho chini. Buti za yule mzee zilikuwa za zipu.