Sahani ya Afande Eriya

Afande Eriya Masaba alihesabu watu maisha yake yote. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa askari magereza, mingi ya miaka hiyo hapahapa Jinja, na kila asubuhi na kila jioni alisimama mlangoni kuhesabu vichwa mpaka idadi itimie. Alipostaafu akarudi kwao Mbale, chini ya mlima Wanale, akalima migomba na kahawa, na ugonjwa wa kuhesabu akaenda nao. Mimi sikumjua enzi za kazi yake. Nilimjua kwenye mchezo wa simu tu, na siku nilipomwona kwa macho nilikuwa nimekwisha kumtenda ubaya.

Jina langu Shadiah. Natengeneza simu Mpumudde, hapa Jinja, kibanda changu kinatazamana na ukuta wa shule, na mdomo wangu haujui kupumzika. Mchezo wenyewe uliletwa na mteja mmoja, nikauonja, nikanasa. Kuna kijiji kimoja, moto mmoja na ghala moja. Kila mchezaji ana mtu wake mdogo pale kijijini, na juu yao wote yuko mtawala mmoja: yeye ndiye anayeita mvua, anagawa chakula, anapanga nani alime na nani alinde. Moto ukizimika, kijiji chote kimekufa, mkubwa na mdogo. Mchezo unamwita mtawala "mungu". Sisi Waislamu tulilikataa jina hilo, na Eriya, ambaye ni mlokole, alilikataa kutuzidi.

"Mimi ni mutu ya magereza," aliandika. "Muniite Afande, inatosha."

Tulikuwa Wasoga, Wagisu na Waacholi wawili walio jeshini, kwa hiyo tuliandikiana Kiswahili, kila mtu akikivunja apendavyo. Kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda, ujumbe wake ulikuwa umeshafika: "Hesabu: kumi na mbili. Wote wazima." Na wa kumi na mbili alikuwa Emma, aliyelala kwenye mkeka kando ya moto. Mchezo uko hivyo: usipoufungua, mtu wako analala, lakini anaendelea kulishwa. Emma alikuwa amelala miezi kumi na minne.

Wewe unayesoma nakuambia mapema jambo ambalo sisi hatukulijua. Emma alikuwa kijana wa Eriya, mwanawe wa pekee. Alikwenda Arabuni kufanya kazi ya ulinzi, na ndiye aliyemfundisha baba yake mchezo, ili wawe na mahali pa kukutana kila siku. Homa ya siku nne ikamuua hukohuko, akazikwa hukohuko. Kwa Wagisu mtu huzikwa kwao, kwenye shamba, kaburi likionekana kutoka mlangoni. Emma hana kaburi Wanale. Alikuwa na ule mkeka tu, kwenye simu ya baba yake.

Mzee hakutuambia. Ketty, askari polisi wa hapa Jinja, aliwahi kumuuliza, "Afande, huyu Emma iko nani? Kila siku kulala tu."

Akajibu, "Ni mutu yetu."

Kikaja kiangazi cha mchezo, ambacho hata mtawala akiita mvua haiji. Mito ikakauka, mahindi yakagoma, na ghala likaanza kuonyesha sakafu. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza ghala, na nilinung'unika kuliko wote. Nitasema kweli: kile kiti cha Afande nilikuwa nakitamani. Nilijiona nina akili zaidi ya mzee anayehesabu watu waliolala.

Nikafungua kikundi cha pembeni, mimi na Ketty na Sulaiman, mshonaji wa Namatala, kule Mbale. Hao wawili walikuwa wasaidizi wa mtawala kama mimi. Nikawaandikia kwamba Emma ni simu ya pili ya Afande, kwamba mzee anajilisha mara mbili na sisi tunakonda. Sikuwa na ushahidi hata chembe. Nililiwaza asubuhi kama jambo linalowezekana, na kufika adhuhuri nilikuwa naliamini kabisa.

"Kama ni hivyo, anatuibia," Ketty akaandika.

Sulaiman akasita. "Lakini huyu muzee ni mutu muzuri. Tumuulize kwanza."

"Tukimuuliza atajua," nikamjibu. "Na akijua, wewe ndiye wa kwanza kutoka nje ya lango."

Akaandika "Sawa," na nikajua nimempata. Sheria ni kwamba wasaidizi watatu wakiweka mihuri yao pamoja wakati mtawala hayupo, kiti kinahama. Tukachagua Jumapili, saa nne ya asubuhi, Afande akiwa kanisani na simu imezimwa. Ketty akaweka muhuri, Sulaiman akaweka, nikaweka wangu. Kiti kikawa changu, na amri yangu ya kwanza ilikuwa Emma atolewe.

Mchezo haumtupi mtu akiwa usingizini. Emma aliamka. Akaketi, akasimama, akakunja mkeka akauweka kwapani, akatembea taratibu mpaka langoni. Pale akageuka mara moja kuutazama moto, ndivyo wanavyofanya wote wanaofukuzwa, kisha akafutika. Aliyefutika harudi tena. Ketty akatuma vikatuni vya kucheka, nami nikacheka.

Ndipo nikafungua ukurasa wa mtawala, ambao wengine hawauoni. Unaonyesha nani anakula kwenye sahani ya nani. Emma hakuwa na sahani. Alikuwa amewekwa kwenye sahani ya Afande, watu wawili kwa chakula cha mmoja. Miezi kumi na minne mtu wa Eriya alikuwa anakula nusu, na sisi tulikuwa tukimtania kwamba analima kama mgonjwa. Ghala letu Emma hakuligusa. Chini ya ukurasa palikuwa na maneno aliyoyaacha mtawala wa kwanza alipokabidhi kiti, kabla sisi wengine hatujaingia kijijini: "Baba, shika kiti mpaka nirudi. Usinisahau kwenye chakula. Emma."

Niliweka bisibisi chini. Nilimpigia simu Afande alasiri ile. Aliyepokea ni mkewe, Mama Topista.

"Mzee hawezi ongea," alisema. "Amekaa tu."

"Mama, Emma ni nani?"

"Alikuwa mutoto yetu," akasema.

Jumanne nilifika Mbale. Ketty alisema yuko kazini, na sikumlazimisha. Sulaiman alinisubiri Namatala, amebeba sukari na sabuni, kama mtu anayekwenda msibani. Njiani hakunilaumu hata kwa neno moja, na bora angenitukana.

Mama Topista alitupokea uani kwa salamu ya Kigisu. "Mulembe, muingie." Eriya alikuwa kwenye kiti cha mbao, mrefu, mkavu, shati limefungwa vifungo vyote hadi kooni. Sisi wanawake wa Kisoga tunapiga magoti kumsalimu mkubwa, nami nikapiga, lakini siku hiyo nilishindwa kuinuka.

"Afande, mimi ni Shadiah. Ni mimi nilimutoa."

"Najua. Jina yako iliandikwa." Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Tulitoka kanisani, mimi nawasha simu. Si unajua, mchezo inakuonyesha yote ilifanyika kama wewe hauko? Nikaona kijana anaamka."

Nilitamani asiendelee.

"Hii miezi yote hajaamka hata siku moja. Nikaita mama yake. Nikasema, Topista, kuja haraka, kijana ameamka! Tulisimama pale kwa mlango ya kanisa, sisi wawili, tunacheka. Anakunja mukeka. Mama yake akasema, ona, anakuja." Akavuta pumzi. "Halafu akaenda kwa lango."

Nililia mbele yao bila kujificha. Nikamwambia kiti ni chake, nakirudisha sasa hivi, mbele ya Sulaiman.

"Kiti ya kufanya nini, binti yangu?" Kisha, kama mtu aliyekumbuka kazi, akauliza, "Wengine wako sawa? Moto inawaka?"

"Inawaka, Afande," Sulaiman akajibu.

"Hesabu?"

Sulaiman alinitazama mimi. Ilinibidi niseme.

"Kumi na moja."

Mzee akatikisa kichwa, akaitazama mikono yake.

Chakula kilipokuwa tayari niliingia jikoni kumsaidia Mama Topista kubeba. Alikuwa amepika matoke na malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyapenda, ndani ya mchuzi wa karanga. Nikaona anachukua sahani moja tupu zaidi, nikamuuliza ni ya nani.

"Ya kufunika," alisema. "Tangu ile habari ifike, mzee anagawa chakula yake katikati. Anakula nusu, nusu nafunika. Jioni napea kuku. Mimi nimezoea, sisemi kitu."

Tukanawa, tukakaa. Eriya akaomba, akasema amina. Mkono wake ukaenda wenyewe, akapitisha vidole katikati ya matoke akayatenga mafungu mawili, kama kila siku. Kisha mkono ukasimama. Aliyatazama yale mafungu, na hakuna aliyethubutu kula. Mwishowe akayachanganya. Akala upande wake, akala na upande wa pili, polepole, kichwa chini, mpaka akafuta mchuzi wote.

Mama Topista alikuwa amesimama nyuma yake na ile sahani ya kufunikia. Alingoja mpaka mumewe amalize kabisa, kisha akairudisha jikoni.