Mkamwana Wangu kwenye Wilbaro

Mimi niliacha shule darasa la tano, na leo nina pikapu mbili za kupeleka ndizi soko la Daraja Mbili. Lakini siku mjukuu wangu wa kwanza alipotaka kuzaliwa, hazikunifaa kitu. Maandamano yalikuwa yamefika hadi kwetu Ekerenyo, vijana wameziba barabara kwa mawe na magurudumu yanayowaka. Mwanangu alikuwa amekwama Nairobi, mke wangu sokoni Kebirigo. Nyumbani tulibaki mimi na mkamwana, na uchungu umemshika.

Sasa, kwetu baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Hata ikiungua, utaita watu. Nikasimama uani.

"Mama, unaweza kutembea?"

"Siwezi, baba. Na usiingie."

"Niingie wapi? Mimi nina akili."

Na kweli ninazo. Nilileta wilbaro ya kubebea majani chai, nikaitandika godoro, nikaiegesha mlangoni, nikageuka kutazama migomba. Nikasikia amekaa. Niliposhika mipini, yeye alitazama mbele, mimi nikaona kilemba tu. Heshima ikakaa mahali pake.

Nikasukuma. Mwenye pikapu mbili, shati limelowa, nacheka peke yangu kama mlevi, na mimi ni Msabato.

Kwenye kizuizi kijana mmoja akauliza, "Mzee, hizo ndizi zimeiva?"

"Zimeiva kabisa. Ondoa jiwe."

Mkamwana akapiga ukelele mmoja. Wale vijana wakasahau serikali. Wengine walibingirisha mawe, wengine wakatangulia wakipuliza filimbi, "Pisheni mama, pisheni." Siku hiyo hata mbunge asingepita pale. Mimi nilipita vizuizi vinne.

Hospitalini muuguzi alimpokea mlangoni. Kabla sijamaliza kuwaeleza vijana jinsi nilivyoifikiria wilbaro, alichungulia dirishani. "Msichana. Wote wazima." Wakaninyanyua juu na kitambi changu chote.

Mke wangu alifika kwa miguu, vumbi hadi magotini.

"Uliingia kwa mtoto wako?"

"Sikuingia."

"Ulimshika mkamwana?"

"Nilishika wilbaro."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akaingia wodini, akaniletea mjukuu barazani, maana huko pia nilikuwa sijakanyaga.

"Anafanana na mimi," nikasema.

"Hata macho hajafungua."

"Usimsumbue. Anafikiria."