Mzimu wa Mapango ya Tembo

Juu ya meza ya mapokezi ya hoteli ninapofanyia kazi, hapa Karatu, nimeweka bonge la udongo lenye ukubwa wa kiazi. Wafagizi wageni kazini hulitupa, nami hulifuata kwenye pipa la taka huku nikinung'unika. Wakati wa kiangazi halina harufu yoyote. Lakini mvua ikianza kunyesha, hata madirisha yakiwa yamefungwa, bonge lile huamka. Hunuka chumvi, majani yaliyooza na jasho la mnyama mkubwa. Harufu hiyo ikinifikia, kalamu hunitoka mkononi, nami hurudi kuwa mtoto wa darasa la tatu aliyekaa juu ya gogo msituni, anaogopa hata kuvuta pumzi.

Nikwambieni lilikotoka. Juu ya mashamba ya kahawa, pale msitu wa Ngorongoro unapoanzia, kuna ukingo wa udongo ambao tembo wameuchimba kwa pembe zao tangu enzi za mababu ili wale chumvi yake. Wamechimba mpaka yametokea mapango, na nyati nao huja kulamba walichobakiza wakubwa. Wageni waliokwisha kushuka kreta, wakabaki na siku ya ziada na miguu isiyotulia, hupenda kupelekwa huko kwa miguu, wakipitia maporomoko ya maji. Utotoni mwangu aliyekuwa akiwaongoza ni baba yangu, akifuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki.

Baba alikuwa mtu wa maneno. Kiingereza chake alikiokota kwa wageni wenyewe, neno moja moja, kama mtu anayeokota maharage yaliyomwagika. Alikuwa akisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa kweli mgeni hakuondoka kwake bila kusimuliwa kitu. Sasa tatizo la mapango ya tembo ni kwamba mchana tembo wenyewe huwa hawapo, na pango bila tembo ni shimo tu. Kwa hiyo Baba aliwapa mzimu.

Hakuubuni yeye. Wanawake waliokwenda kuokota kuni pembezoni mwa msitu walikuwa wakiusikia tangu Baba mwenyewe hajazaliwa: sauti ya mwanamke analia ndani ya mapango. Wapo waliodai ni perere, yule mnyama mdogo wa mitini anayepiga kelele kama mtu anayenyongwa. Lakini perere hulia usiku, na sauti ile ilisikika mchana, jua likiwa limeanza kuinama. Baba aliongezea vya kwake. Kila msimu wa wageni nywele za mzimu zilirefuka kidogo, na mwaka mmoja akauvika nguo nyeupe.

Kabla ya kuwapelekea wageni, hadithi hiyo ilijaribiwa kwetu, jikoni, wakati wa chakula cha jioni. Tulipiga mayowe, mama yangu akitukemea kwamba tutamwaga makande. Mtu mmoja tu hakushtuka kamwe, naye ni Ama. Ama ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama mzazi wa baba. Alikuwa mwembamba, hana maneno mengi, na viatu vyake vya matairi vilijulikana kijiji kizima kwa mlio wake. Baba akifika pale mzimu unaponyoosha mikono, Ama aliendelea kuchambua maharage, mbovu huku, nzima huku.

Siku moja nilimwuliza, "Ama, wewe huuogopi mzimu?"

"Huyo?" alisema bila kuinua macho. "Huyo hana nguvu hata za kumtisha kuku."

Na alikuwa na haki ya kusema, maana yeye ndiye aliyekwenda huko mara kwa mara peke yake. Wajawazito wa kwetu walikuwa wakiutamani udongo wa mapango yale, wautafune kidogo kichefuchefu kipungue, na anayewaletea alikuwa Ama. Alijua njia yake ya zamani, wala haikuwa ile ya wageni, na askari walimfumbia macho. Mwanamke akishaanza kutema mate tu, utasikia, "Mwambieni Ama."

Likizo moja, nikiwa darasa la tatu, magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, akataka mtu wa kumsaidia kubeba. Akanichagua mimi. Nililia asubuhi yote kwa woga, mama akaniambia mtoto hakatai kumsindikiza bibi yake, na hoja ikaishia hapo.

Tulipanda kwa kufuata ukingo wa shamba la kahawa, kisha tukazama msituni. Nakumbuka baridi ilivyobadilika ghafla, kama mtu aliyefungua mlango wa ghala. Upupu uliniwasha miguu. Kinyesi cha nyati kilikuwa bado kinafuka moshi, na Ama alikitazama, akasikiliza, akaendelea. Tulipofika kwenye gogo kubwa lililoanguka, hatua chache kabla ya mapango, akanikalisha.

"Kaa hapa," alisema. "Utazame tulikotoka. Ukisikia sauti, usigeuke. Ukisikia jina linaitwa, usiitike. Siyo lako."

Akachukua kikapu akaenda nyuma yangu. Nilisikia viatu vyake vya matairi, kisha sikuvisikia tena.

Hondohondo walipita juu kwa mbawa zao nzito. Baada ya hapo msitu ulinyamaza, na ndani ya ukimya ule sauti ikaanza. Haikuwa kama Baba alivyoigiza jikoni. Ilianza chini, kama mtu anayeguna kwa kuinua mzigo, ikapanda, ikavunjika, ikaanza upya. Katikati ya kilio kulikuwa na jina. "Sulle," iliita. "Sulle! Sulle, ee!" Kisha kimya kidogo, kama mtu anayengoja jibu. Kwetu nyumbani hapakuwa na mtu anayeitwa Sulle.

Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Niliwaza kwamba mzimu umeshammeza Ama na sasa unatafuta wa pili. Nilitaka kwenda kumwokoa na nilitaka kukimbia, na kwa kuwa nilitaka yote mawili, sikusogea. Nilishika magome ya lile gogo mpaka yakaniingia chini ya kucha.

Ndipo niliposikia miguu mingi upande wa chini. Alikuwa Baba, na askari, na wageni wawili, mume na mke, watu wazima wenye kofia pana. Nao walikuwa wamesikia. Mama wa kizungu alikuwa amemkamata mumewe mkono, na mume ameshainua kamera. Baba alikuwa akitabasamu kama mtu ambaye kuku wake ametaga mbele ya mteja. Miaka yote ya kuusimulia mzimu, na leo umemheshimu!

Halafu akaniona.

"Wewe! Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja na Ama."

"Ama yuko wapi?"

Nilionyesha kwa kidole nyuma yangu, bila kugeuka, kama nilivyoagizwa. Sauti ikaita tena, "Sulle, ee!" Baba akasimama na kusikiliza. Nilikuwa nikimtazama usoni, kwa hiyo niliona tabasamu likimtoka. Mtu anaweza kuisahau sura ya mama yake, lakini sauti iliyombembeleza haisahau. Alivua kofia yake taratibu, akaishika kifuani kama tufanyavyo msiba ukipita.

Yule mgeni alikuwa ameanza kutembea kuelekea mapangoni, kamera mbele. Baba yangu, ambaye hakuwahi kumkatalia mgeni kitu, ambaye angempa hata blanketi lake mwenyewe, aliruka akasimama katikati ya njia akatandaza mikono. Alisema neno moja kwa Kiingereza, kwa ukali. Mgeni akasimama. Askari naye akatazama pembeni, akajifanya anachunguza nyayo.

Kilio kikaisha. Tukasikia kikohozi, mtu akipenga kamasi, kisha vile viatu. Nikageuka sasa, agizo au si agizo. Ama alitokea na kikapu cha udongo mgongoni, uso wote vumbi jekundu, na machozi yamechora mifereji miwili hadi kidevuni. Alimwona mwanawe. Mwanawe alimwona. Mimi niliyekuwa mdogo nilihisi kwamba kuna kitu kikubwa kinataka kuanguka na kila mtu anakishikilia asikiachie.

Yule mgeni akauliza jambo.

"Anasemaje huyo?" Ama aliuliza.

Baba alishusha mikono. "Anauliza, mama, kama umeuona huo mzimu."

Ama akakaza kamba ya kikapu begani.

"Mwambie nimemwona," alisema. "Ni mama wa watu tu. Amechoka kutazamwa."

Sikukijua Kiingereza, lakini najua Baba alilitafsiri neno lile kama lilivyo, kwa sababu kamera ilishuka, na yule mama wa kizungu akaweka kiganja kifuani. Wakarudi na njia yao. Sisi tukashuka na yetu, mimi nikiwa nyuma ya Ama, nikiutazama udongo ukidondoka kidogo kidogo kwenye kikapu.

Baada ya siku ile Baba hakuisimulia tena hadithi ya mzimu, jikoni wala njiani. Badala yake kukawa na mazungumzo mapya jioni, mafupi sana. "Mama, kesho nitapita na wageni kule asubuhi." Ama alijibu, "Haya." Basi. Mapango yakawa ya wageni asubuhi na ya Ama mchana. Nilimwuliza Baba, Sulle ni nani? Akaniambia mtoto hana haja ya kujua kila kinachopikwa. Nikajiamulia kwamba Baba ameogopa, na shuleni nikajigamba kuwa mimi nimekaa jirani na mzimu na baba yangu ameukimbia.

Miaka ikaenda. Nikapelekwa Arusha kusomea kazi za hoteli, na kabla sijamaliza nikarudi nyumbani na tumbo, bila mwanaume wa kumwonyesha mtu. Mama alilia. Baba akatoka kwenda kuwatafuta mbuzi ambao hawakuwa wamepotea. Mimi nikajikunyata jikoni nikingoja hukumu ya Ama, kwa sababu yeye ndiye mkubwa, na mambo ya zamani alikuwa ameyabeba yote.

Ama alifungua kitambaa, akamega kipande cha udongo, akaniwekea kiganjani.

"Tafuna," alisema. "Kitapunguza kichefuchefu." Kisha akakaa karibu yangu, magoti yakilia. "Mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe. Alikuwa kibarua wa kahawa, mtu wa Singida. Msimu ulipoisha aliondoka. Enzi zetu, msichana akishika mimba akiwa bado nyumbani kwa baba yake, hajaolewa, ni mkosi. Watasema mvua itakatika kwa ajili yake, ng'ombe wataharibu mimba. Hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kuchota maji pamoja nawe. Walinitoa. Si kwa ubaya, baba yangu alilia. Lakini walinitoa, nikaenda kukaa kule walikochimba tembo, maana palikuwa pakavu."

"Ukazalia huko, Ama?"

"Wa kiume. Alilia kidogo, akanyamaza. Nilimchimbia kwa mikono, palepale, udongo wake ni laini. Niliporudi nilitakaswa, nikaambiwa hilo limekwisha, lisitajwe. Mtoto wa namna ile hana jina, wala hakuna wa kumlilia." Alikikunja kile kitambaa. "Lakini mimi nilikuwa nimeshampa."

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nasi husema kwa wepesi, kama salamu. Jikoni mle nililia mpaka udongo ukawa tope mdomoni mwangu. Utotoni nilidhani mzimu ni mfu asiyetulia. Kumbe wetu alikuwa mtu aliye hai, anayekula makande pamoja nasi, aliyekatazwa kumlilia mwanawe nyumbani. Akachukua udongo wa wajawazito kuwa sababu ya kwenda. Na Baba, bila kuambiwa lolote, alikuwa ameelewa sehemu yake na kuilinda.

Ama alinifuta uso kwa ukingo wa shuka lake. "Wewe utazalia ndani," alisema. "Mwambie baba yako mbuzi wako zizini, arudi."

Nilizaa mtoto wa kiume, hospitalini, Ama akinisubiri nje ya mlango. Alipomshika aliomba jambo moja tu, kumpa jina, na hakuna aliyeuliza ametoa wapi jina la Sulle. Baba aliitikia kwa kichwa, akatazama dirishani kwa muda mrefu. Toka hapo Ama hakupanda tena msituni. Alisingizia magoti. Hilo bonge la mezani kwangu ni la kikapu chake cha mwisho.

Vijana wanaoongoza wageni siku hizi wamefufua ile hadithi, na nywele zimezidi kurefuka. Hunilalamikia kwamba wageni wanangoja wee, hawasikii kitu. Huwa nawaambia wawaonyeshe hondohondo.

Lakini mchana mmoja, kabla Ama hajatutoka, mwanangu alikuwa ndio kwanza anajua kukimbia, anacheza nyuma ya zizi. Ama alisimama katikati ya ua, jua likiwa limeanza kuinama, akaita kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia: "Sulle! Sulle, ee!" Kisha akangoja, kama alivyozoea kungoja.

"Naam!" mtoto akaitika.

Ama alikaa chini, palepale kwenye vumbi. Sauti ikamtoka, ikianza chini, ikipanda, ikivunjika, nami niliitambua kabla haijafika juu. Baba alitokea mlangoni akavua kofia. Safari hii hakuna aliyeniambia nisigeuke. Nilikimbia nikamkumbatia, na mwanangu, asiyejua kitu, akaja mbio na mikono yake ya tope kuuliza nani ameita.