Galaksi Zote Zimetazama Kulia

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wakazi wa dunia na sayari jirani, kwamba mashimo meusi yanayojizungusha kwa kasi hutema gesi yenye mng'ao mkali upande mmoja tu: kulia. Mgunduzi ni daktari wa fizikia. Mpimaji ni shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, ambaye kwenye makala hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Miaka tisa mama huyu amekaa chumba kisicho na dirisha, rula mkononi, akipima picha za galaksi zilizonaswa na darubini ya redio. Katikati ya kila moja, shimo jeusi. Huku na huku, mikondo miwili ya gesi inafyatuka. Daktari alishuku kwamba huenda kadiri shimo linavyozunguka kwa kasi zaidi ndivyo mikondo inavyopata nguvu, kwa kuwa mzunguko huo husokota nguvu za sumaku kama mtu anayekamua shuka. Wazo si baya. Vipimo tu ndivyo hakuwa navyo.

"Shemeji, niazime daftari lako la vipimo," alibembeleza jikoni kwa mama huyo, akimenya viazi bila kuombwa. "Jina lako litafuata langu."

"Unaapa?"

"Haki ya Mungu! Mimi wa kukuruka wewe?"

Daktari akatoa nakala ya kurasa zote isipokuwa ya kwanza, maana ndiyo yenye jina la mwenyewe. Chini ya jina mama alikuwa ameandika: "Kila picha nimeigeuza, mkondo unaong'aa zaidi ukae kulia. Shingo yangu si feni."

Makala ilipotoka, mama alilisaka jina lake mpaka kwenye shukrani. Walioshukuriwa ni fundi wa mashine ya kunakili na paka wa idara. Kisha akafika kwenye ile sentensi ya galaksi kutazama kulia. Akaisoma mara tatu. Siku ya mhadhara wa daktari alivaa gauni lake la harusi za watu, akakaa mstari wa mbele.

Mgeni mmoja akasimama. "Daktari, galaksi mia nne, zote kulia? Zilipigiana simu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Daktari akapekua karatasi, akapekua tena, jasho likamtiririka hadi kwenye tai. Mwishowe akainamia mstari wa mbele.

"Shemeji... dada yangu kabisa... hebu waeleze ulivyopima."

Mama akafuta miwani taratibu, akaivaa.

"Mimi simo humo."